Haki ya Nafsi



Waborana wanapokutana huulizana kwanza amani. Neno lao ni nagaa, na salamu haikomi mpaka izunguke: amani ya nyumba, ya watoto, ya mifugo. Sisi wa pwani ada hiyo si ngeni kwetu, maana nasi hatuachani mikono kabla ya kuulizana habari za wazee, za watoto na za kazi. Lakini tulipokuwa Kinna tulimwona mtu aliyeitakia amani kila nyumba, akainyima nafsi yake mwenyewe. Huyo ndiye aliyetufanya tuandike makala haya.

Kinna ni mji mdogo wa kaunti ya Isiolo, jirani na Mbuga ya Wanyama ya Meru. Mwenye kutoka Mombasa hupita Nairobi na Meru, hufika Maua penye mashamba ya miraa, ndipo barabara iteremke kuelekea nchi ya joto na miiba. Wenyeji wengi ni Waborana, Waislamu na wafugaji, na baadhi yao hulima kwa maji ya mifereji. Tulikwenda mwaka 2023, baada ya mvua kurudi, kumzuru jamaa yetu aliyeolewa huko. Nyasi zilikuwa zimechipua, ila mazizi mengi yalikuwa matupu. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulikuwa umepitisha misimu 5 ya mvua iliyokosekana mfululizo, na katika Kenya nzima ilikufa mifugo zaidi ya milioni 2.

Jirani wa wenyeji wetu alikuwa mama mjane. Ng'ombe walikuwa mikononi mwake, na uamuzi wa kuuza au kungoja ulikuwa wake. Nduguze walimshauri auze mapema. Yeye akaona mvua iliyokosa mara mbili haiwezi kukosa mara ya tatu, akangoja. Alipogutuka, ng'ombe hawakuwa na nguvu za kutembea hadi mnadani. Tangu hapo hakwenda tena harusini. Watoto aliwapikia na kuwapakulia, naye akala kilichobaki, kama kilibaki. Idi ilipofika aliwashonea wao nguo, yeye akavaa ile ya zamani. Tulidhani ni ufukara. Akatwambia la, ni adhabu. "Mimi ndiye niliyewaua," alisema, na hakuongeza neno.

Jioni moja kijana wake wa sekondari alifungulia wimbo kwenye simu. Ulikuwa "Insha Allah" wa Maher Zain, mwimbaji wa Sweden mwenye asili ya Lebanon, uliomo katika albamu yake ya kwanza ya mwaka 2009. Wasomaji wetu wengi wameusikia, maana vijana wa pwani nao huupiga. Wimbo huo unamsemesha mtu aliyepotea njia na kuelemewa, kisha unamgeukia yule aliyekosea hata akajaa haya na kudhani mlango wa kurejea umekwisha kufungwa. Humwambia asikate tamaa. Kuhusu ala za muziki wanazuoni wetu wamesema mengi, nasi hatuna nia ya kuufungua mjadala huo hapa. Tunasimulia yaliyotokea.

Mama hakujua Kiingereza. Kijana alimfasiria kwa Kiborana, sentensi baada ya sentensi. Alipofika pale pa mtu aliyekosea, mama aliomba arudie. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Anasema vyema huyu. Lakini ng'ombe hawarudi."

Hatukuwa na jibu usiku ule, na hata leo hatudai kuwa wimbo ulimponya. Ila neno lake tumerudi nalo nyumbani, na tumelitafakari sana. Ni kweli, ng'ombe hawarudi. Lakini je, njaa ya mama inawarudisha? Kama hairudishi kitu, basi ni ya nini?

Dini yetu imetufundisha kuihisabu nafsi, na hilo ni jambo jema: mtu akajiuliza amekosea wapi, akatubu, akajifunza. Kuiadhibu nafsi bila kikomo ni jambo jingine. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume, rehema na amani zimshukie, alituhimiza tufanye bidii katika linalotufaa na tumtake Mwenyezi Mungu msaada. Kisha likitupata la kutupata, tusikae tukisema laiti ningalifanya hivi, kwani neno hilo humfungulia Shetani kazi yake. Na aya ya 53 ya Sura Az-Zumar inawakataza kukata tamaa hata wale waliozidhulumu nafsi zao kwa madhambi. Ikiwa mkosa hasa ameachiwa mlango wazi, itakuwaje kwa mama aliyekosea kukisia mvua?

Tunakumbuka pia kisa cha Salman Alfarsi na Abu Dardaa, aliyekuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha hata akamsahau mkewe na mwili wake. Salman alimkumbusha kuwa Mola ana haki yake, watu wa nyumbani wana yao, na nafsi nayo ina yake. Mtume alipoelezwa, akamsadiki Salman. Ikiwa hata ibada haikuruhusiwa kula haki ya nafsi, majuto yataruhusiwaje?

Ndugu zetu, akina mama wa namna hii hawako Kinna peke yake. Tunao Lamu, Malindi na Kwale: baba aliyeweka akiba katika biashara ikafilisika, dada aliyeachika akajiona ndiye sababu ya kila kitu, kijana aliyeanguka mtihani akajifungia chumbani. Sisi majirani huwapa pole siku tatu, kisha huwaacha na ndimi zao wenyewe, nazo ni kali kuliko za maadui. Tunayojiambia kimyakimya, hakuna hata mmoja wetu angethubutu kumwambia mgeni aliyefiwa na mifugo.

Basi wiki hii tuwatazame wanaokula mwisho majumbani mwetu. Tuwapakulie kwanza. Tukimsikia mtu akisema laiti, tusimkemee. Tukae naye, tumuulize leo kuna lipi la kufanya.

Siku tuliyoondoka, kijana alikuwa shambani kwa mjomba wake, akielekeza maji kwenye vitunguu. Mama alitusindikiza mpaka barabarani. Tuliwatakia amani watoto wake na mbuzi wawili aliojaliwa. Kisha jamaa yetu akamuuliza, "Na wewe mwenyewe, nagaa?" Alinyamaza kidogo. "Nagaa," akaitika.

Wabillahi tawfiq.