TAHARIRI: AJALI INA KINGA

Katika mazishi ya vijana wanaofia kazini kuna sentensi moja ambayo haikosi kusemwa. Msemaji wa familia huisema kwa unyonge, mwakilishi wa mwajiri huisema kwa haraka, na mara nyingine, hatuna budi kukiri, sisi makasisi huisema tunapokosa neno lingine la faraja: ajali haina kinga. Wote huitikia kwa vichwa, udongo hurudishwa kaburini, na kesho yake kazi huendelea kama kawaida.

Miezi michache iliyopita tuliongoza mazishi ya namna hiyo. Marehemu alikuwa saidia fundi katika jengo la ghorofa. Alipanda kwenye kizimba cha winchi ya kupandishia zege ili asizunguke kwenye ngazi, na kamba ya chuma ikakatika. Mwajiri alileta jeneza, gunia la mchele na bahasha ya rambirambi. Baada ya watu kutawanyika, mwenzake mmoja alituvuta kando na kutueleza kwa sauti ya chini kwamba kizimba kile kilitoka kiwandani kikiwa na breki ya dharura, ya kukidaka kamba ikikatika. Breki hiyo ilikuwa imefungwa kwa waya wa kufungia nondo kwa majuma mengi. Tulipomuuliza kwa nini, alijibu: "Ilikuwa inasumbua, Padri. Ilikuwa inashika ovyo na kazi inasimama."

Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike tahariri hii. Kijana yule hakukosa kinga. Kinga ilikuwepo, imefungwa kwa waya.

Yafaa kwanza tuelewe chombo chenyewe, kwa maana mambo mengi ya haki hupotea kwa sababu wanaodhulumiwa hawajui walichonyimwa. Watu wengi wakiambiwa kwamba winchi ina breki huridhika. Lakini breki wanayoifahamu ni ile inayoshika pipa linalozungushiwa kamba, huko chini kwenye mtambo. Breki hiyo husimamisha kizimba maadamu kamba ni nzima. Kamba ikikatika kati ya pipa na kizimba, breki ya pipa, hata ikiwa imara namna gani, itakuwa imeshika pipa lisilobeba kitu. Kizimba kitakuwa safarini kwenda chini, na hakuna mtu aliye kwenye mtambo awezaye kukizuia. Ndiyo maana kizimba chenyewe chahitaji breki yake, inayoshika reli za pembeni, na inayofanya kazi bila kungoja amri ya mtu.

Maarifa haya si mapya. Katika karne ya 19 Mmarekani Elisha Otis alibuni mtambo rahisi. Juu ya kizimba aliweka springi iliyokunjwa kwa nguvu ya uzito unaoning'inia kwenye kamba. Kamba ikikatika, springi hufunguka yenyewe na kusukuma vyuma viwili vijichomeke katika meno ya reli za pembeni. Mwaka 1854, katika maonyesho ya New York, alisimama juu ya jukwaa lililoinuliwa mbele ya umati, akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likasimama. Mwaka 1857 lifti ya kwanza ya abiria yenye kinga hiyo ilianza kazi katika duka moja la jiji hilo.

Lifti za siku hizi zimeendeleza wazo hilohilo. Zina kidhibiti mwendo chenye kamba yake ya pembeni. Kizimba kikizidisha kasi iliyowekwa, kidhibiti hushika kamba hiyo, nayo huvuta kabari za chuma zinazobana reli. Kadiri kizimba kinavyolemea chini, ndivyo kabari zinavyozidi kubana. Uzito uleule ambao ungeua hugeuzwa kuwa nguvu ya kuokoa. Asiyeona hekima katika jambo hilo hajatazama vizuri.

Basi, ikiwa binadamu alikwisha kupata kinga hii kabla babu zetu hawajazaliwa, kwa nini watu wangali wanaanguka? Matukio matatu ya nchi za mbali yatatupa jibu. Tunayachagua ya mbali makusudi, ili asije mtu akasema kwamba maafa haya ni ya maskini na wasiosoma peke yao.

La kwanza ni la Italia. Tarehe 23 Mei 2021, Jumapili ya Pentekoste, gari la abiria linaloning'inia kwenye kamba za chuma lilikuwa linapanda kutoka Stresa kwenda kilele cha Mottarone. Lilikuwa limebakiza mita chache tu kufika kituo cha juu wakati kamba ya kulivuta ilipokatika. Gari lilirudi nyuma kwa kasi, likagonga nguzo na kuanguka. Kati ya watu 15 waliokuwemo walikufa 14, akabaki hai mtoto mmoja wa miaka 5. Breki ya dharura, ambayo ingelishika kamba ya kubebea na kulisimamisha gari palepale, ilikuwapo. Lakini ilikuwa imezuiwa kwa vyuma vyenye umbo la uma, vinavyotakiwa kutumika wakati wa matengenezo tu, gari likiwa tupu. Viliachwa mahali pake kwa sababu breki ilikuwa na hitilafu: ilikuwa inashika bila sababu, na safari zilikuwa zinakatizwa. Kwa maneno mengine, ilikuwa inasumbua. Kutoka waya wa nondo hadi vyuma vya Stresa ni umbali wa maelfu ya kilomita, lakini dhambi ni moja.

La pili ni la Uingereza. Tarehe 30 Julai 1973, katika mgodi wa makaa wa Markham, kizimba chenye wachimbaji 29 kilikuwa kinashuka shimoni. Safari hii kamba haikukatika. Kilichovunjika ni fimbo moja ya chuma ya breki ya mtambo, iliyokuwa imechoka kwa kazi ya miaka mingi na kupata ufa ambao hakuna aliyeuona. Kwa kuwa breki yote ilitegemea fimbo ile moja, hakuna kilichobaki cha kukizuia kizimba. Watu 18 walikufa na 11 waliobaki waliumia vibaya. Hapo tunajifunza kwamba kinga inayotegemea kipande kimoja tu bado haijawa kinga kamili.

La tatu ni la Ureno. Tarehe 3 Septemba 2025, katika jiji la Lisbon, kamba inayounganisha magari mawili ya reli ya mlimani iitwayo Gloria ilichomoka mahali ilipofungiwa. Dereva alivuta breki, lakini breki zile hazikuwa na uwezo wa kulizuia gari mteremkoni bila msaada wa kamba. Watu 16 walikufa. Asubuhi ya siku hiyohiyo gari lilikuwa limekaguliwa kwa macho, lakini mahali kamba ilipochomoka hapakuweza kuonekana bila kufungua vyuma. Wachunguzi walieleza pia kwamba kamba iliyokuwa imefungwa haikuwa na idhini ya kusafirishia watu. Breki ilikuwapo, tena haikufungwa na mtu; ila haikuwa breki ya hatari ile.

Tukiyaweka matukio haya pamoja twapata somo lililo wazi. Kinga yaweza kufungwa, kama huko Stresa. Yaweza kuchakaa kwa siri, kama huko Markham. Yaweza kuwa na jina la kinga bila nguvu ya kinga, kama huko Lisbon. Katika hali zote tatu tatizo lilitangulia ajali, na lingeweza kujulikana na mtu aliyepewa wajibu, muda na fedha za kulitafuta. Kwa hiyo tunaposema ajali haina kinga tunawatukana waliokufa. Neno ajali, kwa asili yake, lilikuwa na maana ya saa ya kufa aliyopangiwa mwanadamu. Saa hiyo kweli haina kinga. Lakini kamba iliyooza na breki iliyofungwa kwa waya hazikupangwa mbinguni. Zimepangwa hapa duniani, na mara nyingi katika hesabu za gharama.

Na hapa ndipo haki inapoingia. Ni rahisi kumlaumu aliyefunga ule waya. Twajua kwamba alikosa. Lakini tujiulize: nani aliyekuwa anapiga kelele kila winchi iliposimama? Nani aliyelipa kwa idadi ya ndoo zilizopanda na si kwa siku? Breki inayoshika ovyo haisemi "nifunge", inasema "nitengeneze". Kuitengeneza kunagharimu siku moja ya kazi na fundi mwenye ujuzi, na gharama hiyo ni ya mwenye jengo. Kuifunga hakugharimu chochote leo, na gharama yake ya kesho ataibeba mjane. Huko ndiko kuhamisha deni kutoka mfukoni mwa mwenye nacho hadi shingoni mwa asiye nacho. Sheria ya Musa iliwaagiza wajenzi waweke ukingo kwenye dari ya nyumba, mtu asije akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba. Haikumwagiza mpita juu ajihadhari. Ilimwagiza mwenye nyumba ajenge.

Sheria za nchi zetu nazo haziko kimya. Tanzania inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya inayo yake ya mwaka 2007. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi anayejiondoa katika hatari kubwa iliyo karibu asiadhibiwe kwa kufanya hivyo. Lakini sheria isiyojulikana kwa anayepanda kizimba ni kama breki iliyofungwa: ipo, haishiki.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yafuatayo.

Kwa wafanyakazi: winchi ya mizigo si ya watu. Usipande juu yake hata kama ngazi ni ndefu na jua ni kali. Palipo na lifti ya watu, uliza maswali matatu kabla ya kuingia: kamba ilikaguliwa lini na nani? Ikikatika, ni kitu gani kitakachokidaka kizimba? Na kitu hicho kilijaribiwa lini? Ukijibiwa kwa kicheko, umekwisha kujibiwa.

Kwa wachimbaji wadogo wanaoteremka mashimoni kwa kamba: shimo lisilo na reli halina kitu cha breki kushika. Hapo kinga ni ngazi imara, na mkanda wa usalama uliofungwa kwenye kamba ya pili, isiyo ile inayobeba mzigo, na iliyofungiwa mahali pengine. Kamba moja kwa roho moja haitoshi.

Kwa waajiri na wasimamizi: breki ya dharura ijaribiwe, wala isitazamwe tu. Kizimba kikiwa hakina mtu na kiko karibu na ardhi, mtaalamu ailegeze kamba na kuona kama breki inashika. Ikishika ovyo, au isiposhika, mtambo usimame mpaka utengenezwe. Matokeo yaandikwe katika daftari ambalo kila mfanyakazi anaweza kulisoma. Naye anayesimamisha mtambo kwa shaka ya haki asikatwe ujira, hata kama shaka yake itaonekana baadaye kuwa haikuwa na msingi. Siku ya kusimama bure ni nafuu kuliko siku ya matanga.

Kwa wakaguzi wa serikali: njooni bila kupiga simu. Waya wa nondo hufunguliwa kwa dakika mbili mgeni akitangazwa.

Na kwetu sisi wenyewe: parokia nyingi zinajenga makanisa, shule na zahanati. Kamati zetu za ujenzi hujivunia kupata fundi wa bei nafuu, na huuliza mara kumi bei ya saruji kabla ya kuuliza mara moja juu ya kamba. Hatuna haki ya kunyooshea kidole jengo la jirani ikiwa kengele ya mnara wetu imepandishwa kwa winchi ambayo hakuna aliyeikagua. Tunaomba kila kamati ya ujenzi iliweke suala hili katika ajenda ya kikao chake kijacho, na majibu yasomwe mbele ya waumini pamoja na hesabu za michango.

Tulimzika kijana yule tukisema maneno tuliyozoea. Hatutayasema tena kwa wepesi ule. Siku nyingine tukiitwa kumzika mtu aliyeangushwa na kamba, tutauliza kwanza, kabla ya kufungua kitabu cha sala, breki ilikuwa wapi, na nani aliyeifunga, na kwa amri ya nani. Wafiwa wanastahili jibu hilo, na vijana wanaopanda vizimba kesho asubuhi wanalistahili leo.