Nguo ni ya Kweli, Mvaaji ni wa Uongo



Sisi tunaolima pamba, tunaosokota nyuzi na kushona nguo tumezoea kuona picha za matangazo: binti amevaa gauni, anatabasamu. Siku hizi gauni huwa la kweli, limeshonwa na mikono kama yetu, lakini mara nyingine binti mwenyewe hayupo duniani. Ametengenezwa na kompyuta.

Kazi hiyo hufanywa hivi. Nguo hupigwa pasi, hutandazwa juu ya meza au huvishwa sanamu, taa huwekwa pande zote, kisha hupigwa picha mbele na nyuma. Picha hiyo hutiwa katika kompyuta yenye kile kinachoitwa akili bandia, nayo huchora mtu wa kuivaa: mweusi au mweupe, mnene au mwembamba, kama tajiri anavyotaka. Mtu huyo hali, haugui wala hadai ujira. Mwanamitindo aliyekuwa akivaa nguo, msusi wake na mpambaji wake hawaitwi tena. Anayebaki ni wa kupiga pasi na wa kushika kamera.

Mwezi Machi 2023 kampuni ya Levi Strauss ya Marekani ilitangaza kwamba itajaribu watu wa namna hiyo, ili ionyeshe watu wa rangi na maumbo mbalimbali. Wengi waliuliza, nasi tunauliza: ikiwa tajiri anataka sura nyeusi katika tangazo lake, kwa nini asimwajiri mtu mweusi akamlipa? Kuchukua sura na kuacha mshahara ni unyonyaji ule ule wa zamani.

Wako pia wanaonakiliwa sura zao wenyewe. Mwaka 2025 kampuni ya H&M ya Sweden ilitangaza kwamba itatengeneza nakala za wanamitindo 30 kwa idhini yao, na kwamba watalipwa nakala hizo zikitumika. Katika jimbo la New York wanamitindo walijikusanya wakadai sheria. Tangu Juni 2025 sheria hiyo inataka idhini ya maandishi kabla ya kutengeneza nakala ya mtu, ikitaja matumizi yake, malipo na muda. Haki hiyo hawakupewa bure, waliidai. Lakini inamlinda mwenye sura tu. Msusi aliyepoteza kibarua kwa ajili ya binti wa kubuniwa haimsaidii kitu.

Hatusemi mashine zivunjwe. Cherehani nayo ni mashine, na ndiyo inayotulisha. Tunasema faida yake isiende upande mmoja.

Wala tusiseme hayo ni mambo ya Ulaya na Marekani. Kamera inayopiga picha gauni leo, kesho inaweza kuletwa kiwandani kupiga picha mikono ya fundi akishona, ili mashine ijifunze kazi yake. Siku hiyo wawakilishi wetu wawe na maswali manne tayari. Picha ni ya nini? Itatumika kwa muda gani? Mwenye mikono atalipwa kiasi gani? Na atakayepoteza kazi atapewa nini? Majibu yaandikwe katika mkataba kabla kamera haijawashwa.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Umoja ni nguvu!