Pesa ya mega inatoka Kisenge, hisa zinauzwa London

Mtu wa Kisenge, mji wa manganizi ulio magharibi mwa Kolwezi, akinunua mega za Airtel, franka zake zinaingia katika hesabu za kampuni ambayo hisa zake zinauzwa London na Lagos. Akihamia Vodacom, ni Johannesburg. Akichagua Orange, ni Paris. Kinshasa hakuna kitu, maana Kongo haina soko la hisa, ile tunayoita bourse.

Wengi wanafikiri kampuni inakwenda bourse kutafuta pesa tu. Naona inakwenda pia kutafuta macho, na kila bourse ina macho yake. Airtel Africa ilipoingia London Juni 2019, hisa moja iliuzwa peni 80, na siku ya kwanza bei ikaanguka. Lakini Januari 2022 iliingia katika orodha ya FTSE 100, yaani kampuni 100 kubwa za bourse hiyo. Iko mifuko ya uwekezaji inayonunua kila kilichomo katika orodha hiyo, hata kama wasimamizi wake hawajawahi kusikia jina la Kolwezi. Ingekuwa Lagos peke yake, mifuko hiyo isingeiona.

Kuonekana nako kuna hatari yake. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa kwa intaneti Afrika, iliingia New York Aprili 2019 na bei ikapanda. Mwezi uliofuata Citron Research, wachambuzi wa Marekani wanaopata faida hisa zikishuka, walitoa ripoti kali. Bei ikaporomoka.

Safaricom ilipita njia nyingine. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza asilimia 25 ya kampuni hiyo katika bourse ya Nairobi, kwa shilingi 5 kila hisa, na watu zaidi ya laki 8 waliomba. Bei baadaye ilishuka chini ya shilingi 3, na wengi walilia. Hata hivyo walikuwa wanunuzi wanaoijua M-Pesa kwa vidole vyao. Hakuna aliyehitaji kuwaeleza kampuni inafanya nini.

Wakubwa wa simu watasema masoko ya kwetu ni madogo. Ni kweli. Tanzania ilizilazimisha kampuni za simu kuuza asilimia 25 katika soko la Dar es Salaam, na Vodacom Tanzania ilipojaribu mwaka 2017, wanunuzi wa ndani hawakutosha. Muda uliongezwa na wageni wakafunguliwa mlango. Lakini mwishowe Watanzania wa kawaida walipata hisa. Mkaaji wa Kisenge, miaka yote hii ya kununua mega, hana hata moja, na angeitaka hajui aende wapi.

Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Tusingoje Kinshasa ijenge bourse yake. Serikali, inapofanya upya leseni za kampuni za simu, izidai ziuze sehemu ya matawi yao ya Kongo katika bourse ya Nairobi, na fungu fulani liwekwe kwa ajili ya Wakongomani, walipie kwa simu ileile. Na karatasi za kueleza mauzo hayo ziandikwe kwa Kifaransa na Kiswahili, zifike mpaka Kisenge.