Somo la Mageuko Lianzie Kwenye Damu Yetu

Kwa msomaji wa magazeti ya Kiswahili, DNA ni habari ya mahakamani. Baba amemkana mtoto, mama kashikilia lake, ukoo umegawanyika pande mbili, na sampuli zimepelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Tanzania hata imetunga Sheria ya Vinasaba vya Binadamu, ya mwaka 2009, kuratibu mambo hayo. Urithi nao ni shamba la marehemu. Na mageuko ya viumbe ni ule ubishi wa kijiweni usiokwisha: kama mtu alitokana na nyani, mbona nyani bado wapo? (Wapo kwa sababu hakuna mwanasayansi anayedai kwamba tulitokana na hawa tunaowaona porini. Wao na sisi tuna mzazi mmoja wa kale sana, ambaye hakuwa nyani wa leo wala mtu wa leo.)

Darasani mambo yana mpangilio zaidi, lakini hayako karibu zaidi na mwanafunzi. Anaanza na njegere za Gregor Mendel huko Brno, anapita kwa ndege wa visiwa vya Galápagos, ambako Charles Darwin alifika mwaka 1835, kisha anaishia kwa nondo wa Manchester waliozidi kuwa weusi enzi za moshi wa viwanda. Muundo wa DNA ni sura nyingine kabisa, yenye mchoro wa rangi nne wa kukariri. Mtihani ukishapita, vyote hivyo vinabaki kuwa mambo yaliyotokea kwa watu wengine, kwenye bustani zao na visiwa vyao.

Sina ugomvi na njegere. Ila toleo hili limeandaliwa kwa dai moja: kwamba mfano ulio wazi kuliko yote wa uteuzi asilia kwa binadamu ulipatikana hapa kwetu, kati ya pwani ya Kenya, Ziwa Victoria na vitongoji vya Kampala, na kwamba somo zima la DNA, urithi na mageuko lingeeleweka upesi zaidi kama lingeanzia hapo. Mfano wenyewe ni selimundu, ugonjwa ambao wengi mitaani wanauita siko seli.

Tuanze na molekuli. DNA ni nyuzi mbili ndefu zilizosokotana kama kamba ya usumba, na baina ya uzi na uzi kuna besi zilizoshikana jozi jozi. Besi ni nne tu: adenini, timini, guanini na saitosini, nasi huziandika kwa herufi A, T, G na C. A hushikana na T, na G hushikana na C. Muundo huo ulitangazwa Aprili 1953 na James Watson na Francis Crick wa Cambridge, kwa kutegemea sana picha za eksirei zilizotoka katika kazi ya Rosalind Franklin kule London. Mojawapo ya picha hizo Watson alionyeshwa pasipo mwenyewe Franklin kujua. Franklin alifariki mwaka 1958, akiwa na miaka 37, na tuzo ya Nobel ya mwaka 1962 ikaenda kwa wanaume watatu.

Mwanafunzi akariri jozi hizo, sawa, lakini aambiwe pia zina kazi gani. Kwa kuwa A haina mwenzi ila T, na G haina mwenzi ila C, nyuzi mbili zikiachana kila mmoja unatosha kuwa kielelezo cha kumuumba mwenzake upya. Hivyo ndivyo seli moja inavyozaa mbili, na hivyo ndivyo sura ya bibi inavyomfikia mjukuu. Sharti lilelile la jozi ndilo linaloacha mwanya wa makosa. Seti moja ya vinasaba vya binadamu ina jozi zipatazo bilioni 3. Seli huzinakili kwa usahihi wa kustaajabisha, tena ina vimeng'enya vya kusahihisha, lakini mara mojamoja herufi hukosewa na kosa likapita. Makosa mengi hayana athari yoyote, machache hudhuru, na machache zaidi hufaa. Yasingekuwepo, viumbe wangebaki nakala za wazazi wao milele, na mageuko yasingekuwa na kitu cha kuchagua.

Kosa letu, la selimundu, liko kwenye kromosomu ya 11, ndani ya jeni inayoelekeza utengenezaji wa beta-globini, sehemu ya himoglobini inayobeba oksijeni katika chembe nyekundu za damu. Seli husoma herufi tatu kwa mkupuo, na kila tatu hutaja amino asidi moja. Mahali palipopaswa kuwa GAG pameandikwa GTG. Amino asidi ya sita, kati ya 146 za protini hiyo, inakuwa valini badala ya asidi ya glutamiki. Hayo tu. Vernon Ingram aliligundua badiliko hilo kwenye protini mwaka 1956, katika maabara ileile ya Cavendish ambamo Watson na Crick walikuwa wamejenga mfano wao wa DNA.

Valini haipendi maji. Oksijeni inapopungua, himoglobini zenye valini hiyo hunatana zikawa fito ndefu ndani ya chembe, nayo chembe iliyokuwa laini na ya mviringo ikakakamaa na kupinda kama mundu. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Hii huishi kati ya 10 na 20. Damu hupungua, mishipa midogo huziba, mifupa huuma maumivu ambayo watu wazima hushindwa kuyaelezea, sembuse mtoto. Dalili huchelewa hadi miezi kadhaa baada ya kuzaliwa, kwa sababu mtoto mchanga bado anatumia himoglobini ya tumboni, ambayo haina kasoro hiyo.

Hapo urithi unaingia. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya mama na moja ya baba. Mwenye nakala moja tu ya selimundu ni mbebaji: kwa kawaida anaishi maisha yake bila kuumwa na wala hajui. Wawili kama hao wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mgonjwa, nafasi mbili za kutoa mbebaji, na moja ya kutoa mtoto asiye na nakala hata moja. Narudia: kila mimba. Wako wazazi waliokwishaambiwa na jirani kwamba, madhali wa kwanza ni mgonjwa, watatu wanaofuata watakuwa salama. Mimba haikumbuki iliyotangulia.

Na nafasi hiyo ya kupata mtoto mgonjwa haipo mpaka wazazi wote wawili wawe na nakala hiyo. Sentensi hiyo ingefundishwa vizuri kidato cha nne, nadhani ndoa kadhaa zingepona. Katika nyumba nyingi mama ndiye anayebebeshwa lawama: kwao kuna mkosi, kwao wana damu mbaya, au mtoto karogwa na wifi. Kumbe ugonjwa huu ukionekana kwa mtoto ni ushahidi kwamba pande zote mbili zimechangia, sawa kwa sawa.

Sasa fumbo lenyewe. Zamani, kabla ya tiba, watoto wengi waliorithi nakala mbili walikufa kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Kila kifo kama hicho kiliondoa nakala mbili za herufi hiyo duniani. Ilipaswa basi iwe adimu sana. Badala yake, maeneo mengi ya kwetu mtu mmoja kati ya watano ni mbebaji. Piga hesabu: mahali penye wabebaji asilimia 20, wanandoa 4 kati ya kila 100 watakuwa wabebaji wote wawili, na mtoto mmoja kati ya kila 100 atazaliwa na ugonjwa. Ni nini kinachorudisha herufi inayofutwa kila kizazi?

Aliyetegua kitendawili hicho ni Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya. Mwaka 1949, akiwa na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, alikusanya damu za watu wa jamii mbalimbali za nchi. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wabebaji walizidi asilimia 20. Katika nyanda za juu zilizo katikati, hawakufika hata asilimia 1. Lugha, mila na nasaba havikueleza mgawanyo huo. Mbu aliueleza: joto na maji vilipo, ipo malaria, na ilipo malaria, ipo herufi ile.

Hakuishia kwenye ramani. Kwa watoto wa Kiganda aliowapima, vimelea vya malaria vilionekana kwa 12 kati ya wabebaji 43, na kwa 113 kati ya wasio wabebaji 247, yaani asilimia 28 kwa 46. Halafu akafanya jambo la kutia wasiwasi: aliwaambukiza malaria kwa makusudi wanaume Wajaluo 30 waliojitolea, nusu wabebaji na nusu si wabebaji. Wasio wabebaji waliugua 14 kati ya 15. Wabebaji wawili tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, mwaka mmoja baada ya muundo wa DNA. Tunayakumbuka na namna yalivyopatikana tunaikumbuka pia, na sioni sababu ya kuficha kimojawapo. Nusu karne baadaye, watafiti wa Kilifi waliofuatilia watoto wa huko waligundua kwamba mbebaji ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Kinga hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe bado wanabishania.

Kwa hiyo palipo na malaria, nakala mbili huua kwa selimundu, kukosa nakala kunakuacha wazi kwa malaria, na aliye katikati ndiye anayeishi na kuzaa. Hiyo ndiyo maana ya uteuzi asilia, bila kupamba. Uteuzi huo hauna lengo, hauna huruma, na hautengenezi kiumbe bora kuliko wenzake. Herufi ileile ni ngao ukiwa Kilifi na ni hasara tupu ukiwa Nyeri, ambako baridi imewafukuza mbu. Anayefikiri mageuko ni ngazi ya kupanda kutoka kiumbe duni hadi mtu msomi, akae na jambo hili kidogo.

Vilevile akae nalo anayeuita huu ugonjwa wa watu weusi. Upo Oman na mashariki ya Saudi Arabia, upo miongoni mwa jamii kadhaa za India, upo Ugiriki. Malaria ilipita huko pia. Na kuna Waafrika weusi wengi, wa nyanda za juu na wa kusini kabisa mwa bara, ambao hawana herufi hiyo kabisa. Rangi ya ngozi haikuulizwa.

Mwaka 1958 Frank Livingstone, mwanaanthropolojia wa Marekani, alikwenda hatua moja mbele. Akichunguza Afrika Magharibi, alidai kwamba kilimo cha kufyeka msitu ndicho kilichowapa mbu madimbwi yenye jua na watu waliokusanyika vijijini, na hivyo jembe likaamua ni vinasaba gani vitakavyosalia. Naipenda hoja hiyo kuliko zote katika uwanja huu, maana inamrudisha mkulima ndani ya historia ya mwili wake mwenyewe.

Lakini mazingira yanabadilika upesi kuliko damu. Zanzibar, kwa vyandarua, dawa mseto na upuliziaji majumbani, maambukizi ya malaria yalishushwa chini ya asilimia 1 ya watu. Faida ya kuwa mbebaji hapo imekaribia kutoweka, na gharama imebaki palepale. Je, herufi itafutika yenyewe? Hesabu inasema itachukua muda mrefu. Pakiwa na mbebaji mmoja kati ya watano, hata malaria ikome leo na hata asipone mgonjwa yeyote hadi azae, wabebaji watapungua kufikia nusu baada ya vizazi 10, yaani miaka 250 hivi. Nakala nyingi zimo ndani ya watu wazima wenye afya, ambao hakuna kinachowagusa.

Tiba ya kuhariri vinasaba iliidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Inaiwezesha damu kurudia himoglobini ile ya tumboni, na bei yake Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tuifuatilie, ila tusiisubiri. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza inayoinua himoglobini hiyohiyo, ilijaribiwa kwa watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo vyote vilipungua. Dawa hiyo humfaa mtoto anayejulikana kuwa ni mgonjwa. Kumjua kunahitaji tone la damu la kisiginoni katika siku zake za kwanza, na wengi wanatoka hospitali bila kuchukuliwa tone hilo. Ndiyo maana makala ya kwanza ya toleo hili inaanzia wodi ya wazazi, na Darwin tumempa kurasa za katikati.