Umekuja Thika ama Umepita Thika?

Wacha nianze na makosa yangu ndio tusisumbuane. Mwaka jana nilitoa video ya sehemu saba za kuenda wikendi karibu na Nairobi. Nne kati ya hizo ziko pande za Thika na Ruiru. Kidimbwi cha kuogelea, mahema yenye vitanda, mashua, nyama choma kando ya mto. Video ilitembea vizuri, nikajiona nimefanya kazi safi. Kisha nikamwonyesha shosho.

Shosho ameuza nduma na viazi vitamu Thika zaidi ya miaka thelathini. Aliitazama video mpaka mwisho, akanirudishia simu, akauliza: "Sasa mji umeweka wapi, kijana yangu?"

Sikuwa na jibu. Ndio maana naandika hii.

Wasee wa Nairobi, tuambiane ukweli. Huwa hamji Thika. Huwa mnapita Thika. Tangu Thika Road mpya ifunguliwe rasmi mwaka wa 2012, na hizo leni zake nane, unaweza kutoka mjini Nairobi mpaka kwenye maporomoko bila kukanyaga mji hata mmoja. Ruiru kwako ni kibao cha barabarani. Unafika pale pa kupumzikia, unalipa getini, unakula ndani, unapiga picha, unarudi. Pesa yako yote imebaki nyuma ya ukuta mmoja, na mama wa soko aliye karibu na hapo hajaona hata shilingi. Halafu Jumatatu ukiulizwa ulikuwa wapi unasema, "Nilikuwa Thika."

Thika gani?

Najua jibu lenu. Ati kuna nini ya kuona mjini? Historia iko Lamu, iko Fort Jesus, Thika ni viwanda na matatu. Na hapa ndio tumedanganywa vibaya, kwa sababu hata ile historia ya Thika tunayoijua tumeipokea kwa mlango wa mgeni. Angalia vitu vitatu ambavyo kila mtu huvitaja. Hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa 1908 na walowezi. Kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959 kuhusu ile miti ya maua mekundu, ambacho ndicho kilipeleka jina la Thika ng'ambo. Na kaburi la McMillan kule Ol Donyo Sabuk, yule tajiri mzaliwa wa Marekani aliyekuwa na shamba kubwa chini ya huo mlima. Hoteli, kitabu na kaburi, zote za walowezi.

Sisemi usiende. Enda, maporomoko ya Chania ni matamu na mlima una upepo. Nauliza tu: wale waliopanda hiyo kahawa na kukata huo mkonge, wanaume waliotembea na kipande shingoni, walikuwa wananunua chumvi wapi? Wake zao walikuwa wanauza mboga wapi? Historia yao haina kibao wala tiketi. Iko sokoni.

Na soko halikuangukia hapo kwa bahati. Toa ramani kwa simu uangalie. Barabara moja inapanda Murang'a na Nyeri, nyingine inashika kulia kuelekea Mwingi na Garissa. Huku ni nchi ya Wakikuyu, kule ni ya Wakamba, na hawa watu walikuwa wanauziana vitu kabla reli haijafika Thika 1913. Masoko ya zamani ya Wakikuyu yalikuwa na siku zake, na wanawake ndio walioyabeba. Hata wakati wanaume wanapigana na Wamaasai, akina mama walikuwa wanapita na mizigo yao kwenda kubadilishana chakula na ngozi. Fikiria hiyo. Vita inaendelea, na shosho wa shosho wako anavuka na kiondo mgongoni kwa sababu watu lazima wakule.

Ingia soko la Madaraka leo uangalie kama hiyo biashara imekufa. Nduma, ndizi na parachichi kutoka Murang'a. Ndengu na maembe kutoka Ukambani. Mchele wa Mwea. Muuzaji anaanza bei kwa Kikikuyu, mteja anajibu kwa Kikamba, wanamalizana kwa Kiswahili. Hiyo ndiyo Thika yenyewe. Hakuna hoteli imewahi kuijenga.

Sasa tuje Ruiru, ule mji ambao kila mtu anautukana kwa sababu ya jam na vumbi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru. Kwa miji yote ya Kenya hiyo ilikuwa nambari nne, mbele ya Eldoret na Kisumu. Halafu mnauita mtaa wa kulala.

Maji ya Ruiru ni kati ya yale yaliyowasha umeme wa kwanza wa Nairobi, na mpaka leo bwawa la Ruiru linapeleka maji huko huko Nairobi. Na kahawa? Kule kwenye kituo cha utafiti cha Ruiru ndiko ilikotengenezwa aina inayoitwa Ruiru 11, ikatolewa kwa wakulima katikati ya miaka ya 1980. Ugonjwa ulikuwa unaozesha matunda ya kahawa mashambani na dawa zilikuwa zinamaliza mkulima mfukoni, wakatafuta mti unaoweza kuvumilia. Watu wa kahawa Japani na Marekani wanajua jina Ruiru. Wewe unalipa kikombe mia nne kwa mkahawa wa Westlands na hujui hilo jina kwenye menyu ni ule mji unaoutukana ukiwa kwa jam.

Haya, najua mtakuja na lingine: soko ni chafu, kuna matope, kuna wezi. Sawa, matope yapo. Lakini uliza kwa nini. Mama wa soko analipa ada yake kila siku na mtaro bado umeziba. Unajua ni kwa nini mtaro unaweza kuziba miaka? Kwa sababu hakuna mtu mwenye sauti anayepita hapo. Sisi tulio na simu na watu wa kutufuata tuko kwa kidimbwi tunapiga picha ya miguu yetu. Na wezi wako hata kwa maduka makubwa yenye kamera, weka simu yako mfuko wa mbele utembee.

Uingereza kuna miji midogo iliyopewa kibali cha kuwa na soko na wafalme miaka 700, 800 iliyopita. Mpaka leo soko linafunguliwa siku yake, na mtu akienda likizo mashambani anatenga siku moja ya kuingia huo mji, anunue jibini na mkate, aongee na watu. Hawaendi kwa sababu kuna kidimbwi. Wanaenda kwa sababu ni soko, na ni la zamani. Sisi tuna watu waliofanya hiyo kitu kizazi baada ya kizazi na tunawaita kero ya barabarani.

Na hii kitu ina haraka. Mji ambao hakuna mtu anautazama ni rahisi kufutwa. Nimeona vile vijumba vya maduka vya zamani, vya paa la mabati na baraza mbele, vikianguka kimoja kimoja, ghorofa ikapanda, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amevipiga picha. Kesho itakuwa kibanda cha mama yako. Tutaanza kupost "naikumbuka Thika ya zamani" wakati hatukuwahi kuingia.

Kwa hivyo, wikendi ijayo fanya hivi. Acha gari, panda 237 ushuke Thika asubuhi, wakati mizigo bado inashushwa. Kunywa chai na ndazi kwa kibanda. Ingia soko, nunua matunda ya mchana na kiondo kimoja cha kubebea. Uliza aliyekushonea amekifuma siku ngapi, ulipe inavyostahili. Kisha enda maporomoko, kula matunda yako hapo. Ukirudi shuka Ruiru, tafuta mutura jioni, ndio unapanda ya kwenda nyumbani.

Na jambo moja kwa wenzangu wa kamera: soko si mbuga ya wanyama. Usimwekee mama simu usoni kama hujamsalimia. Msalimie, nunua, kisha uombe. Akikataa, amekataa.

Mimi narudia ile video. Safari hii namba moja ni soko. Shosho anasema Jumamosi yuko hapo kama kawaida, na tayari ameniambia niwapitishie ujumbe: kama ulilipa elfu moja mia tano getini bila kuuliza, usije kumsumbua akupunguzie nduma shilingi kumi.