Siki Haichomi Mafuta

Septemba 2025 BMJ, wachapishaji wa majarida ya tiba wa Uingereza, waliufuta rasmi utafiti uliosema siki ya tufaha hupunguza unene. Utafiti huo, uliotoka Machi 2024, ulihusu watu 120 wa Lebanon wenye umri wa miaka 12 hadi 25. Waliokunywa siki kila siku kwa wiki 12 walisemekana kupungua takriban kilo 6 hadi 8. Wataalamu wa takwimu walipozirudia hesabu, majibu hayakulingana. Tena jaribio halikuwa limesajiliwa kabla ya kuanza, na mhariri mkuu wa jarida lililouchapisha utafiti amekiri kwamba kulipitisha hivyo lilikuwa kosa. Kuufuta ilikuwa haki, ila mwaka mmoja na nusu ulikuwa umekwisha pita, na siki ikiuzwa kwa jina la sayansi. Sasa watetezi wake wamebadili wimbo: eti zilizoharibika ni takwimu tu, siki yenyewe bado inachoma mafuta.

Haichomi, na kulijua hilo hatukuhitaji kwenda Lebanon. Nguvu ya siki ni asidi ya asetiki, kwa kawaida asilimia 5 hivi. Kijiko kikubwa cha mililita 15 kina kama robo tatu ya gramu ya asidi hiyo. Ikiingia mwilini huwa asetati. Seli huiunganisha na koenzaimu A, na kinachopatikana ni kitu kile kile ambacho mwili hukipata ukivunja wanga au mafuta yake, kisha huteketezwa katika mzunguko wa Krebs, yaani tanuri la nishati la seli. Kwa hiyo siki ni kuni, si kiberiti. Asiyeamini aitazame bia. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu karibu 20 za pombe, na ini huigeuza sehemu yake kubwa kuwa asetati, kiasi kinachopita kijiko kile cha siki mara 20 na zaidi. Kama asetati ingeyeyusha kitambi, walevi wangekuwa wembamba kuliko sisi sote! Kinachotokea ni kinyume chake: asetati inapojaa damuni, mwili huunguza hiyo kwanza, na mafuta husubiri zamu yake.

Watatajwa panya, ambao siki iliwaamshia vimeng'enya vya kuunguza mafuta. Sawa, panya. Litatajwa jaribio la Japani la 2009, ambamo watu wanene walipungua kilo 1 hadi 2 kwa wiki 12, na uzito ukaanza kurudi walipoacha. Ni kweli pia kwamba siki ikiliwa pamoja na wanga hushusha kidogo sukari ya damu baada ya mlo. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linalohalalisha kumnywesha binti wa miaka 12 asidi kila asubuhi, huku ikimla meno. Anayeuza siki aiuze kama kiungo cha kachumbari, na ile picha ya kiuno chembamba aibandue kwenye chupa.