Karte ya Mugeni

Mama mmoja wa hapa Kabongo alinisimamisha kisha ibada. Mutoto wake wa miaka 15 anapigwa sindano ya insulini kila siku. Watu walimwambia kwamba Wazungu wanapanda seli mpya mwilini na ugonjwa wa sukari unakwisha. «Pasta, tuache sindano?» Hapana mama, hata siku moja! Kwa mutoto wa namna hii, siku chache tu bila insulini zinaweza kumuua. Lakini habari yenyewe si ya uongo.

Ndani ya mutoto huyu, walinzi wa mwili wenyewe waliua seli zenye kutengeneza insulini, zile za kongosho, nyuma ya tumbo. Ukimupa seli za mutu mwingine, wanazirukia vilevile. Ninyi wa migodi munajua: zamu wa mulango anatazama karte. Karte ya kampuni ingine, haupite.

Mwaka 2000 waganga wa Edmonton, inchi ya Kanada, walitangaza wagonjwa 7 walioacha sindano kisha kupewa seli hizo. Lakini iliwapasa kumeza dawa za kulegeza zamu. Na zamu akilala, wezi pia wanaingia: mikrobi, hata kansa. Mimi sioni faida kubwa kwa mutoto.

Ndiyo sababu habari ya Uppsala, inchi ya Uswidi, ilinishangaza. Desemba 2024, mutu mwenye miaka 42 aliwekewa seli ndani ya misuli ya mukono. Kwanza waliziondolea ile karte ya kigeni. Lakini kuna zamu wengine wenye kupiga kila asiye na karte! Basi waliziongezea alama moja inayoitwa CD47, ni kama kusema «usiniguse». Zile ambazo hazikutengenezwa vema ziliuawa. Zilizotengenezwa kamili zilikuwa hai kisha majuma 12, zikitoa insulini, bila dawa ya kulegeza zamu hata moja. Ilitangazwa mwaka 2025.

Ila walimupa seli kidogo tu, kwa kujaribu, naye aliendelea na sindano zake. Nilimweleza mama hayo yote, polepole, tukiwa chini ya mwembe. Yeye hana frigo. Chupa ya insulini anaiweka ndani ya chungu kidogo, chungu kile ndani ya kikubwa, katikati muchanga wenye maji. Jioni ile alilowanisha muchanga, akatoa chupa, akaita mutoto.